Ndani na Nje: Mantiki ya Idhini katika Saraka za Seva

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya Jambo OpenOffice, ikadhihirika kuwa Kiswahili chaweza kubeba istilahi za kompyuta. Hata hivyo, neno huja na taswira yake, na taswira hiyo yaweza kumpotosha mtumiaji. Idhini katika saraka zilizomo ndani ya saraka nyingine ni mfano wa jambo hilo.

Katika kaya ya Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mgeni hupita migombani, akafika uani, ndipo akaingia nyumbani. Aliyezuiwa uani hakifikii chumba cha ndani. Mfumo wa mafaili wa Unix hufuata mantiki hiyo: asiye na idhini ya kupita saraka ya nje hafiki ya ndani. Kanuni za seva ya Apache haziendi hivyo. Seva huzisoma kuanzia saraka ya nje hadi ya ndani, na kwa kawaida agizo la Require lililo ndani hulitangua la nje.

Chukulia hifadhi ya masimulizi ya Wameru. Saraka “meru” yadai neno la siri. Ndani yake mna “akheri”, yenye “sauti” na “picha”. Msimamizi atakaye kuonyesha picha kwa umma akiandika Require all granted katika “akheri”, sauti za wazee nazo zitafunguka, ingawa “meru” ingali inadai neno la siri. Agizo hilo lafaa liwekwe katika “picha” pekee. Atakaye masharti ya nje na ya ndani yatimizwe kwa pamoja hutumia AuthMerging And.

Tena, tangu toleo la 2.4 lililotoka mwaka 2012, Apache haisomi faili la .htaccess mpaka AllowOverride iruhusu. Kufuli laweza kuandikwa lisifunge. Kwa hiyo kila saraka hujaribiwa kutoka kompyuta nyingine, bila neno la siri.

Katika Kiswahili, kilicho ndani ni kilichohifadhiwa. Katika seva, ndani ni penye neno la mwisho. Mwanaistilahi asiyeieleza tofauti hiyo huwa ametafsiri neno tu, na amana za wasimulizi zikabaki wazi.