Maji Alikunywa Wapi?

Katika mji wa Liboi, ambao ni wa mwisho upande wa Kenya kabla msafiri hajafika Dhobley ya Somalia, jua likisha kutua na vumbi la malori likatulia, watu hujikusanya katika vibanda vya chai. Na katika kimojawapo, ambacho taa yake na televisheni yake hupata nguvu kutoka kwa paneli za sola zilizofungwa juu ya mabati, nilikaa jioni moja kutazama sinema ya Kihindi iliyotiwa maneno ya Kisomali, kama zilivyo nyingi zinazopendwa huku. Ilisimulia maisha ya msichana fukara aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri. Baba alikufa, nyumba ikauzwa, ami akamfukuza, naye akashika njia kwa miguu kuvuka nchi ya mchanga, na safari hiyo yote ilienea ndani ya wimbo mmoja: ulipoanza alikuwa kijijini akilia, na ulipokwisha alikuwa mjini mbele ya lango la studio, nywele zimechanwa na wanja haujachuruzika.

Mama mwenye kibanda, ambaye vijana wote walimwita eeddo, yaani shangazi, alikuwa akimimina chai ya maziwa. Akasimama na chupa mkononi, akakitazama kioo, kisha akauliza kwa Kiswahili, pengine kwa hisani yangu mimi mgeni, "Na maji alikunywa wapi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa alipita njia ya Dhobley mwaka 1991 na mtoto mgongoni, na swali lake lilikuwa la mtu anayekagua hesabu akaona haitimii.

Tangu jioni ile sijaweza kutazama sinema ya wasifu wa mwimbaji bila ya kuyatafuta maji. Sinema hizi, ambazo siku hizi zimejaa katika televisheni kuliko habari za wafalme na majemadari, aghalabu hujengwa kwa kanuni moja, nayo ni kwamba dhiki huwekwa mwanzo na makofi mwisho, na kati ya hayo mawili dhiki hugeuzwa kuwa ngazi: kila pigo ni kidato, na mwimbaji akisha kukanyaga vidato vyote hutokea juu jukwaani, kana kwamba njaa na msiba vilikuwa walimu waliolipwa ili wamfundishe sauti. Simlaumu mtengenezaji kupita kiasi, maana amepewa saa mbili za kutia miaka sitini, na hana budi kuwaunganisha watu watatu wawe mmoja, na kuihamisha miaka kama ahamishavyo mtu viti sebuleni. Lakini ni vyema mtazamaji ajue ni kiti gani kilichohamishwa.

Mfano ulio karibu nasi ni Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, habari ya Freddie Mercury wa kundi la Queen, ambaye alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika jamaa ya Kiparsi. Alipelekwa India kusoma shule ya bweni, akarudi kwao, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa yote ikahamia Uingereza. Mtu wa pwani angedhani kwamba mtoto aliyeikimbia nchi yake katika ujana wake amebeba dhiki ya kutosha kuanzishia sinema. Kumbe sinema inamwanzia London, akipakua mizigo ya abiria uwanja wa ndege, na Unguja inatajwa kwa kupita. Fauka ya hayo, inaonyesha akiwaarifu wenzake habari ya maradhi yake ya UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, ilhali inavyosimuliwa na waandishi wa maisha yake ni kwamba uhakika wa maradhi hayo aliupata mwaka 1987. Miaka miwili ilirudishwa nyuma ili machozi na makofi yakutane siku moja. Rami Malek, aliyecheza nafasi ile, alipata tuzo ya Oscar, na kwa haki; ila wawili katika wenzake wa kundi, Brian May na Roger Taylor, walikuwa na mkono katika utengenezaji wa sinema, na si ajabu wakatoka humo weupe kama kanzu za Idi.

Sasa tumtazame Siti binti Saad, ambaye televisheni ingempokea kwa mikono miwili. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, na jina hilo linatosha kueleza daraja ya wazazi wake katika nchi ile na zama zile. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, lilimjia baadaye. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa akichukua vyungu na mitungi kupeleka mjini, akinadi kwa kuimba, na inasemekana wateja walimjua kwa sauti kabla hawajamwona kwa macho. Mwaka 1911 akahamia mjini. Hapo ndipo nawaona watengenezaji wetu wakifurahi: vyungu kichwani, jua kali, tajiri mmoja dirishani anaisikia sauti, na dakika tano baadaye tumefika Bombay mwaka 1928, ambako Siti alikwenda na wapigaji wake kutia nyimbo katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo.

Lakini baina ya 1911 na 1928 ni miaka 17, na ndani ya miaka hiyo ndimo yalimo maji. Mwanamke asiyejua kuandika, aliyekwisha kupita umri ambao wengi huhesabu kuwa wa kujifunza, alikaa mbele ya mwalimu akafundishwa kuimba na kufuata ala; akafuatana na wapigaji kama Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku; akaimba usiku hata usiku, katika nyumba za wakubwa na katika vyumba vya mtaa wa Ng'ambo, na akaitia taarabu Kiswahili wakati ambapo wenye hadhi waliipenda kwa Kiarabu. Tena umaarufu haukuifuta dhiki. Wahasidi walimtungia kejeli kwa ajili ya asili yake ya shamba na sura yake, naye hakuwa na mlango wa kutokea ila kuimba zaidi. Ukitaka kujua uzito wake usitazame makofi ya Sultani, tazama wimbo wa Kijiti, uliotungwa juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa, mtuhumiwa akavuka bahari kwenda bara, na mashahidi ndio wakafungwa. Nyimbo za namna hiyo ziliuzwa madukani na kusikilizwa na watu wasiojua kusoma gazeti lolote. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu kilichotoka baada ya kifo cha Siti cha mwaka 1950, hakuona haya kusimama mahali pamoja na kufikiri kurasa nzima juu ya tabia na akili ya mwanamke huyo; sijui ni kituo gani cha televisheni leo kingemvumilia mwandishi asimame hivyo.

Habari ya pili ni ya jirani zetu hawa wa ng'ambo ya mpaka, nami naitaja huku Liboi kwa sababu inaipindua ngazi juu chini. Maryam Mursal, mzaliwa wa Galkayo, alianza kuimba Mogadishu katika miaka ya 1960 akiwa msichana, katika kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume, akapanda hata akawa miongoni mwa nyota wa Waaberi, kundi kubwa la serikali. Basi makofi yalikuja kwanza. Kisha mwaka 1986 akaimba wimbo wa Ulimada, unaowahusu maulamaa na wasomi, ambao wasikilizaji walitambua mara moja kuwa mshale wake umeelekezwa kwa Siad Barre, mtawala wa nchi, na akapigwa marufuku asiimbe hadharani. Nyota wa taifa akashika usukani wa teksi ili alishe watoto. Wakati hata marufuku hayo hayakuwa na maana tena, kwa kuwa nchi yenyewe ilikuwa imevunjika, mwaka 1991 akatoka Mogadishu na watoto watano, na kwa masimulizi yake walitangatanga muda wa miezi saba katika Pembe ya Afrika, kwa miguu na kwa malori, hata wakafika Djibouti, na kutoka hapo wakapokewa Denmark. Huko, katika mkusanyiko wa wakimbizi, Søren Kjær Jensen, Mdenmaki aliyepata kumwona Mogadishu mwaka 1986, alimsikia tena. Sahani ya The Journey ikatoka mwaka 1998 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel.

Ni kidato gani hapo kilichompandisha? Miezi saba ya njiani haikumfundisha kuimba, alikuwa anajua. Iliyobaki ni kwamba hakufa, wala watoto hawakufa, na mtu mmoja aliyekuwa na kumbukumbu alikuwa katika mkusanyiko ule. Waliopita Liboi mwaka ule na uliofuata ni umma mkubwa, hata mji wenyewe ukawa kambi, kabla watu hawajahamishiwa Dadaab, katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizojengwa kwa ajili ya watu 90,000, na ambazo mwaka 2011 zilichukua zaidi ya 400,000. Akili haikubali kwamba katika umma huo hamkuwa na sauti nyingine. Ila sinema humtazama aliyefika, na ni vigumu kumpiga picha asiyefika.

Laiti mtengenezaji angetaka kuiondoa habari hii katika kanuni, angekuta pia kizuizi kisichokuwa cha kanuni, nacho ni nyimbo zenyewe. Sinema ya mwimbaji isiyokuwa na sauti yake ni kama pilau isiyo na mchele, na sauti za Kisomali zimepita katika mashaka: mwaka 1988, ndege za Siad Barre zilipoupiga mji wa Hargeisa, watu waliichukua mikanda ya redio wakaifukia ardhini isipate kuungua, na Aprili 2010 wenye silaha wakaziamuru redio za Mogadishu ziache muziki, hata baadhi zikatia milio ya risasi na sauti za wanyama mahali pa nyimbo za kufungulia vipindi. Hapo hujui kama ucheke.

Sinema ya Kihindi ilikwisha kwa makofi, kama ilivyopasa, na kijana mmoja akaanza kutafuta nyingine. Nikamwuliza eeddo wao walikunywa maji wapi. Akanieleza kwa utaratibu, akihesabu kwa vidole: siku ya kwanza katika dumu walilotoka nalo, siku ya pili katika dimbwi ambalo ng'ombe walikuwa wamelitangulia, wakachuja kwa ncha ya shuka, siku ya tatu hapakuwa na maji, siku ya nne Dhobley, kwa kikombe, watoto kwanza. Akasita katika kidole cha tatu, akakirudia, kana kwamba amekosea hesabu. Kisha akaniuliza kama chai yangu nimeshailipa.