Mpangilio wa Vigezo katika Wito wa Mfumo Endeshi

Mwanafunzi wa mofolojia anafahamu kwamba kitenzi cha Kiswahili sanifu kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa. Twasema "nilimpa kitabu", hatusemi "nilikimpa". Yambwa ya pili sharti isimame nje ya kitenzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ufinyu wa namna hii hutawala pia mawasiliano baina ya programu na mfumo endeshi wa kompyuta.

Kwa kawaida, programu haiandiki kwenye diski moja kwa moja. Huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo. Ombi hilo ndilo wito wa mfumo, nao huandamana na vigezo: faili ipi, kuanzia wapi, kiasi gani. Katika Linux, vigezo hupitishwa kwenye rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyomo ndani ya prosesa, na kwa kawaida havizidi sita. Vikizidi, programu huvipanga katika kumbukumbu kuu, kisha hupitisha anwani yake tu.

Idadi siyo kikwazo pekee. Mnamo 2006, Linux 2.6.17 ilileta wito uitwao sync_file_range, wa kuhimiza sehemu ya faili iandikwe diskini. Vigezo vyake vilifuatana hivi: faili, mwanzo, kiasi, maagizo. Mwanzo na kiasi ni nambari za biti 64. Katika prosesa za ARM za biti 32, kila moja huhitaji jozi ya rejista, na kanuni hudai jozi ianzie kwenye rejista ya nambari shufwa. Faili ikishika rejista 0, rejista 1 huachwa tupu. Mwanzo hushika 2 na 3, kiasi 4 na 5. Maagizo hukosa nafasi katika zile sita.

Mnamo 2007, toleo la 2.6.20 liliipa ARM wito wake: maagizo yalisogezwa karibu na faili, yakajaza pengo. Maana haikubadilika, ni mpangilio tu uliobadilika. Hata hivyo, mpangilio wa awali haukuweza kufutwa, kwa kuwa programu zilizokwisha kuutumia kwenye prosesa nyingine zingeharibika. Kwa hivyo, miito yote miwili ingalipo.

Mwanaisimu huonywa asiipime sarufi ya Kiswahili kwa mizani ya Kiingereza. Mbunifu wa mfumo endeshi naye asipime wito wake kwa prosesa moja, kwani kosa lake hudumu.