Tovuti ya wakili isiandikiwe mawakili

Pitia tovuti za ofisi ndogo za uwakili Dar es Salaam au Arusha: mizani, nguzo za mahakama ya Kirumi, na Kiingereza kizito. Mawakili wako watatu, lakini wanashughulikia kila kitu, kuanzia madini hadi usafiri wa anga. Atakayevutiwa na maelezo hayo ni wakili mwenzao. Mteja ameshafunga ukurasa.

Mteja wa ofisi hiyo ana simu ya mkononi, bando la kubania na tatizo linalomnyima usingizi. Haandiki "sheria ya ajira" kwenye Google. Anaandika "nimeachishwa kazi bila barua nifanyeje". Basi ukurasa uwe na kichwa kinachofanana na swali hilo, na sentensi ya kwanza imwambie asichopaswa kuchelewa kukijua: mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa, yana siku 60. Akipitwa na muda, kabla ya lolote ataomba aongezewe na aeleze kwa nini alichelewa. Kisha mtajie vya kubeba: mkataba kama anao, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, kitambulisho cha kazi, na barua au ujumbe wa WhatsApp uliomwachisha.

Wapo mawakili wanaoona kuandika hivyo ni kugawa kazi bure. Sikubaliani nao. Watakaojaza fomu ya CMA wenyewe wasingekulipa hata hivyo. Aliyebakiza siku tisa na anajua mwajiri wake ana wakili ndiye atakayepiga simu. Kurasa tatu za namna hiyo, tuseme kazi, mirathi na viwanja, zinatosha kwa kuanzia, na ziwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu na mahakama zetu, kwa hiyo kisingizio kimekwisha.

Jambo la pili ni vishoka. Wananchi wameshatapeliwa vya kutosha na watu wenye mihuri ya kuchonga. Weka jina kamili la kila wakili, picha yake halisi na namba yake ya usajili, umwelekeze mteja aihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Hilo linajenga imani kuliko majigambo ya kesi ulizoshinda, ambayo pia yatakugonganisha na maadili ya taaluma. Uwakili hautangazwi kama sabuni. Kenya wamelegeza kidogo kwa kanuni zao za matangazo za mwaka 2014, lakini hata huko si ruksa kusema chochote.

Fomu ya mawasiliano ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo ya hatari. Kisanduku kikubwa kilichoandikwa "tueleze kisa chako" kinamwalika mtu amwage siri zote, kumbe anayemlalamikia ni mteja wako wa miaka mingi. Sasa umebeba siri za upande wa pili, na huenda ukalazimika kujitoa kwenye kesi. Omba jina, namba ya simu, aina ya shauri na jina la mhusika wa upande wa pili, basi. Andika wazi kwamba kujaza fomu hakumfanyi mtu kuwa mteja, na kwamba nyaraka zisitumwe kabla ofisi haijajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka ukusanye unachokihitaji tu, na mtu aelezwe unakikusanya kwa nini.

Upande wa ufundi hauna makuu. Kurasa ziwe nyepesi, namba ya simu ibonyezeke, na kando ya ramani taja alama inayojulikana mtaani. Jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina la ofisi, si la kijana aliyetengeneza tovuti, na nywila zote zikae ofisini. Kijana huyo akibadili namba ya simu, barua pepe zenu zisipotee naye.