Kushusha Thamani ya Shilingi: Nadharia Mbili, Sera Mbili

Sera ya uchumi haianzii kwenye bajeti. Huanzia kwenye nadharia, na kila nadharia ina jibu lake kwa swali moja: ni kitu gani kinachomzuia mzalishaji asizalishe zaidi?

Tuchukue nchi yetu. Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa imetoka vitani dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta ilikuwa ikipanda, na fedha za kigeni zilikuwa haba mno. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilitaka, kabla ya kukopesha, shilingi ishushwe thamani na matumizi ya Serikali yapunguzwe. Waziri wa Fedha, Ndugu Edwin Mtei, aliona tukubaliane nalo. Mwalimu Nyerere alikataa, na Mtei akajiuzulu.

Masharti hayo hayakuwa ubeberu mtupu, ingawa ubeberu haukukosekana. Yalikuwa na nadharia. Kwa wachumi wa IMF, nchi inayoishiwa fedha za kigeni inatumia kuliko inavyozalisha, na bei zake ni za uongo. Shilingi ikishuka, mkulima wa kahawa atapata shilingi nyingi zaidi kwa dola ileile, naye atazalisha zaidi. Bidhaa za nje zitakuwa ghali na hazitanunuliwa ovyo.

Wachumi wa mkondo mwingine, uliotokana na kazi za Raúl Prebisch wa Argentina na wenzake tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, hutazama muundo wa uchumi kabla ya bei. Mkonge haupandwi leo ukavunwa kesho. Pamba iliyolala ghalani kwa kukosa lori, na lori lililolala kwa kukosa tairi, haziamshwi na bei. Kiwanda kinachoagiza vipuri nje kitapandisha bei mara shilingi inaposhuka, na mshahara wa mfanyakazi utabaki palepale. Kwao, dawa ni kuzielekeza fedha chache za kigeni kwenye usafiri na vipuri, na kujenga viwanda vinavyotumia malighafi ya hapa.

Kuhusu hali ya 1979, tunaona mkondo huu wa pili ulikuwa karibu zaidi na ukweli. Lakini shilingi iliposhikiliwa juu miaka ile, aliyefaidi hakuwa mkulima. Alifaidi mwenye kibali cha kuagiza bidhaa, aliyepata dola kwa bei rahisi na kuuza kwa bei ya magendo. Mkulima wa mpakani alivusha kahawa yake usiku. Msako wa walanguzi wa 1983 ulikamata watu. Haukugusa tofauti ya bei iliyowazaa.

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mapatano na IMF yalifikiwa, na dola ikapanda kutoka shilingi 17 hivi hadi 40. Maduka yakawa na bidhaa. Upande mmoja husema ni bei. Wa pili husema ni misaada iliyonunua vipuri, pamoja na ruhusa ya 1984 ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe. Mambo hayo yalifuatana kwa karibu sana, hata kada anayeonyesha maduka yale kama ushahidi wake ajue kwamba mpinzani wake anayaonyesha yaleyale.