Murmur: kunung'unika, kunong'ona au kuvuma?

Tukiwa katika utume kule Kisarawe, kijana wa kidato cha tatu alituonesha sentensi ya Kiingereza iliyosema majani ya miti yanatoa murmur. Akauliza, "Frateri, majani nayo hunung'unika?" Tulicheka, kisha tukakosa jibu la haraka.

Neno hilo ni la Kilatini, nalo linaiga sauti. Litamke polepole, midomo ikikutana, utasikia. (Sisi wa falsafa tulimkumbuka Kratilo wa Plato, anayeshikilia kwamba majina hufuata asili ya vitu.) Warumi walilitumia kwa nyuki, kwa bahari na kwa watu wanaosemasema chini kwa chini. Lilipitia Kifaransa cha kale likaingia Kiingereza katika karne ya 14, likabaki na maana zote hizo. Kiswahili kimegawa kazi: upepo katika msitu wa Pugu huvuma, wenye siri hunong'ona, asiyeridhika huguna, na mwenye lalamiko asilotaka kulisema wazi hununung'unika. Kwa hiyo majani ya kijana wetu yalikuwa yanavuma tu.

Tofauti hii ina uzito katika Maandiko. Kigiriki nacho kina neno moja, gongysmos. Katika Yohane 7:12 umati unasema habari za Yesu kwa sauti ya chini, wengine wakimsifu, kwa kuwaogopa wakubwa. Hapo, kwa maoni yetu, "minong'ono" inafaa kuliko "manung'uniko". Anayesifu hanung'uniki.

Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwakemea vikali watawa wanaonung'unika. Wana wake wa St. Ottilien ndio waliofungua misheni ya Pugu, jirani na Kisarawe, mwaka 1888. Lakini katika sura ya 41 ya Kanuni yake, akipanga saa za kula, anamtaka abati aratibu mambo ili ndugu wafanye kazi bila manung'uniko ya haki. Ya haki! Maana yake yapo, na mkubwa ndiye anayepaswa kuondoa chanzo chake.

Hilo lilitusaidia Kibaha, kwenye jumuiya ndogo ndogo, tuliposoma Matendo 6. Mama mmoja aliuliza kama ni dhambi kulalamikia mgawo wa misaada. Tukamwonesha kwamba Luka anatumia neno lile lile la Kigiriki linalotumika kwa Waisraeli jangwani katika Kutoka 16. Hata hivyo Mitume hawakuwakemea waliosema wajane wao wanasahauliwa. Waliita mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia huduma.

Mama akafikiri kidogo. "Basi mimi nilikuwa nanong'ona tu na jirani," akasema. "Jumamosi nitalisema kikaoni."