Chupa Adimu na Bei ya Haki

Kitu kinapoadimika, watu wawili hujitokeza upesi kuliko wengine: mlanguzi na mghushi. Wa kwanza huuza kitu halisi kwa bei isiyo yake. Wa pili huuza kitu kisicho chenyewe kwa bei ya kitu halisi. Haya tuliyaona zamani katika sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na unga. Siku hizi yanaonekana pia katika bidhaa ambayo wengi hawakuitarajia katika ukurasa wa nyumbani, nayo ni wiski ya Kimarekani iitwayo Bourbon.

Msomaji aweza kuuliza: wiski ya Marekani yawahusu nini watu wa Kilwa? Kilwa tunayoizungumzia hapa si ile ya pwani ya Tanzania, bali ni kisiwa cha Ziwa Mweru, upande wa Zambia, katika wilaya ya Nchelenge. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, upo mji wenye jina hilo hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa hiki kilikuwa makao ya mfanyabiashara wa misafara aliyejulikana kwa jina la Simba, na biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita hapo. Leo ni makazi ya wavuvi na wakulima wa mihogo. Bidhaa nyingi za kiwandani huletwa kutoka mbali: kwanza Lusaka au miji ya migodi ya shaba, kisha Mansa, makao makuu ya mkoa wa Luapula, kisha Nchelenge, na mwisho hupakiwa botini. Kwa hiyo kisiwani hapa, kama ilivyo katika kila kituo cha mbali anakopelekwa askari, swali la bei ya haki si la anasa. Ni swali la kila siku.

Hapana budi tuseme mapema kwamba bei kubwa peke yake si ulanguzi. Mwenye duka aliyelipia lori, kuli na boti ana haki ya kurudishiwa gharama zake na kupata faida ya kiasi. Ulanguzi huanza pale mtu anapoificha bidhaa ili iadimike, au anapoinunua kwa mlango wa nyuma ili aiuze mara kumi ya bei yake.

BOURBON NI KITU GANI

Jina hili si pambo la karatasi. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitangaza kwamba Bourbon ni bidhaa ya nchi hiyo pekee. Chupa iliyoandikwa Bourbon na kutengenezwa katika nchi nyingine inajishuhudia yenyewe kuwa ni ya uongo. Sheria inataka nafaka zake ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51. Pombe hiyo huwekwa katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa kwa ndani hadi yakawa na makaa. Rangi yake ya kahawia hutoka katika pipa, wala hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha ya kubandika. Ikiingia chupani, nguvu yake haiwezi kupungua asilimia 40.

Sheria hizi hazikutungwa kwa kupenda makaratasi. Katika karne ya 19 wauzaji wengi wa Marekani walichanganya pombe ghafi na rangi, tumbaku na vitu vingine vibaya, wakaiita wiski iliyokomaa. Ndipo mwaka 1897 ikapitishwa sheria ya kuweka wiski chini ya ulinzi wa serikali: iwe ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikae ghalani miaka isiyopungua 4, na iwe na nguvu ya asilimia 50. Hiyo ni miongoni mwa sheria za kwanza za nchi ile zilizomlinda mlaji.

KWA NINI IMEADIMIKA

Katika miaka ya 1970 na 1980 Wamarekani wengi waliipa kisogo Bourbon wakapendelea vinywaji vyeupe kama vodka. Viwanda vikapunguza kazi, na vingine vikafungwa. Kiwanda mashuhuri cha Stitzel-Weller, huko Kentucky, kiliacha kuzalisha mwaka 1992. Baada ya mwaka 2000 watu wakaigeukia tena Bourbon, si Marekani tu bali hata Japani na Ulaya. Lakini kiwanda hakiwezi kuzalisha leo wiski ya miaka 20. Wiski ya miaka 20 ilipaswa kuwekwa ghalani miaka 20 iliyopita, na wakati ule hakuna aliyejua kwamba ingetakiwa.

Zaidi ya hayo, pipa halihifadhi kila tone. Kila mwaka sehemu yake hupotea kwa mvuke, aghalabu asilimia 3 hadi 5. Pipa likikaa miaka 23, zaidi ya nusu ya kilichomo huwa kimetoweka. Ndiyo sababu chupa za jina la Pappy Van Winkle, ambazo tangu mwaka 2002 hutengenezwa katika kiwanda cha Buffalo Trace mjini Frankfort, ni chache mno. Bei anayoipendekeza mtengenezaji ni mamia ya dola. Katika soko la kurusha hufika maelfu.

Wavuvi wa Mweru watalielewa jambo hili bila kufundishwa. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Mtu akikuletea perege mbichi mwezi Januari kwa bei ya kutupa, swali la kwanza si kama samaki ni mtamu. Swali ni: ametoka wapi? Vivyo hivyo chupa adimu inayouzwa rahisi haina budi kuulizwa asili yake. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba zaidi ya chupa 200 za Van Winkle zilikuwa zimeibwa katika Buffalo Trace, na mwaka 2015 watu 9 wakashtakiwa, baadhi yao wakiwa wafanyakazi wa viwanda vya pombe. Mnunuzi wa mali ya namna hiyo hakupata bahati. Alinunua kesi.

CHEO NA FOLENI

Habari inayotuhusu zaidi sisi wenye sare na watumishi wa umma ilitokea jimbo la Oregon. Marekani ina majimbo 17 ambayo serikali yenyewe husimamia uuzaji wa pombe kali, na Oregon ni mojawapo. Mapema mwaka 2023 ilibainika kwamba maofisa wa tume ya pombe ya jimbo hilo walikuwa wakijitengea chupa adimu, pamoja na Pappy Van Winkle ya miaka 23, kabla hazijawafikia wananchi. Mkurugenzi wa tume alijiuzulu mwezi Februari mwaka huo.

Tafakari, ndugu msomaji. Maofisa hao walilipa bei kamili iliyoandikwa. Hawakuvunja ghala wala hawakughushi hesabu. Kosa lao lilikuwa kuruka foleni kwa kutumia cheo. Bei ilikuwa ya haki, lakini zamu haikuwa yao. Wale waliosubiri mlangoni hawakujua kwamba mzigo umekwisha kabla haujafika.

Sisi wa Afrika Mashariki na jirani zetu wa Zambia hatuhitaji kwenda Oregon kulijua hilo. Tanzania, baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979, ilipungukiwa na bidhaa muhimu, hata mwaka 1983 ikaendesha msako mkubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Zambia ilishuhudia ghasia za unga wa mahindi mwezi Desemba 1986. Katika nyakati kama hizo mwananchi anayeshika kikapu huweza kuvumilia foleni ndefu. Asichokivumilia ni kumwona mwenye cheo akitoka kwa mlango wa uani na gunia begani.

Yapo majimbo yaliyotafuta njia bora. Pennsylvania huuza chupa zake adimu kwa kupiga kura ya bahati: kila anayetaka hujiandikisha, na anayechaguliwa hununua kwa bei iliyopangwa. Kanuni hiyo inafaa hata katika kantini ya kikosi. Ikiletwa katoni moja ya kitu kinachotakiwa na watu mia moja, majina yaandikwe, yachanganywe, yachaguliwe mbele ya wote, na jina la kamanda liwe katika kofia ile ile.

MGHUSHI NA SUMU

Mlanguzi hukuibia fedha. Mghushi aweza kukuibia macho. Mwaka 2021 waandishi wa televisheni ya Marekani walinunua katika duka moja la New York chupa ya Bourbon adimu kwa karibu dola 1,000, na kiwanda kikathibitisha kwamba haikuwa halisi. Waghushi hununua chupa tupu zilizo na nembo halali, huzijaza wiski ya bei ndogo, kisha huzifunga upya.

Huko mnunuzi alipata hasara ya fedha tu. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kinachojazwa chaweza kuwa pombe ya viwandani. Nchini Kenya, mwezi Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Mwezi Mei 2014 maafa kama hayo yaliua watu zaidi ya 60 katika kaunti kadhaa. Zambia ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko, maarufu kwa jina la tujilijili, mwezi Aprili 2012. Tanzania ikapiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Methanoli haitambuliki kwa ulimi wala kwa pua. Dalili zake huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa shida, na macho kuona ukungu. Mtu mwenye dalili hizo baada ya kunywa asilazwe nyumbani kwa matumaini kwamba uchovu wa pombe utamtoka. Apelekwe hospitali mara moja, na masalio ya kinywaji yachukuliwe ili mganga ayaone. Maziwa na kahawa si dawa ya sumu hiyo.

MNUNUZI AFANYE NINI

Kwanza, nunua kwa muuzaji mwenye leseni na udai risiti. Kama chupa haipatikani, mwombe aiagize, nawe usubiri. Jamaa kadhaa wakiagiza pamoja, gharama ya usafiri hugawanyika.

Pili, ichunguze chupa kabla ya kutoa fedha. Kifuniko kiwe hakijaguswa, nembo iwe imenyooka na maneno yake hayana makosa, na nguvu iandikwe asilimia 40 au zaidi. Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi za kielektroniki mwaka 2019, na Kenya mwaka 2013. Penye utaratibu huo, chupa isiyo na stempu iachwe rafuni. Pombe iliyomiminwa katika chupa nyingine isinunuliwe kamwe.

Tatu, usidanganywe na umri. Wiski hukomaa katika pipa, si katika chupa. Chupa ya miaka 12 iliyokaa kabatini miaka 10 bado ni ya miaka 12. Anayekutoza zaidi kwa vumbi la juu anakuuzia vumbi.

Nne, tafuta ndugu wa kitu, si jina lake. Wiski ya W. L. Weller hutoka katika kiwanda kile kile cha Buffalo Trace, na hutumia ngano pamoja na mahindi kama Van Winkle. Tofauti kubwa iko katika umri na uchaguzi wa mapipa. Hata hiyo ikikosekana, zipo Bourbon za kawaida, zenye umri wa miaka 4 au 6, ambazo hazimtii mtu deni.

Tano, usivushe mzigo ziwani bila kuutangaza forodhani, wala usimwombe mwenzako wa zamu afumbe macho. Anayefumba macho kwa chupa moja leo, kesho ataombwa ayafumbe kwa katoni, na keshokutwa kwa bunduki.

Sita, chupa ihifadhiwe ikiwa imesimama, mbali na jua na mbali na watoto. Ikilazwa, pombe kali hula kizibo.

Mwisho, mume na mke wakubaliane kiasi kabla ya safari ya dukani. Ada ya shule, unga na dawa vikiwa havijalipwa, hakuna bei ya haki kwa chupa yoyote, hata ikiuzwa nusu. Na kwa wale ambao dini au afya yao haiwaruhusu kunywa, mafundisho haya yanabaki yale yale katika simenti, mbegu, dawa na vipuri vya injini ya boti: uliza asili, dai risiti, ngoja zamu yako.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chupa inayokujia usiku mlangoni, mikononi mwa mtu asiyetaja jina lake, imekwisha kujieleza.