Mgeni wa Bahari Kwenye Nchi ya Chai

Wageni wangu hapa Kericho hushangaa kuona kipande cha bahari ndani ya tangi la kioo, nasi tuko karibu meta 2,000 juu yake. Matawi ya zambarau yanayoyumba majini huyadhania mmea. La hasha! Huyo ni gogonia, mnyama wa jamaa ya matumbawe, na kwao hasa ni Karibi.

Mchuma chai ataelewa maisha yake upesi. Jani la chai huishi kwa mwangaza. Gogonia naye amepangisha mwani mdogo mno mwilini mwake, nao hulipa kodi kwa sukari unayoitengeneza kwa mwangaza huo huo. Lakini wenzake wengi wekundu na wa manjano hawana mpangaji. Hao wasipolishwa kila mara, hufa njaa.

Kwa hiyo kazi ni taa kali, maji yanayokwenda kwa nguvu, na joto la digrii 25 hata usiku wetu wa baridi. Umeme ukikatika, roho yangu hudunda.

Joto likizidi nalo ni hatari. Mwaka 1998 bahari ilipopata moto, matumbawe mengi ya Malindi na Watamu yalipoteza mwani, yakawa meupe, yakafa. Mpangaji akihama, mwenye nyumba hulala njaa.